Matofali ya Upande wa Kusini

Sisi tuliotawanyika katika miji hii mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, tuna jambo moja linalotuunganisha ambalo aghalabu hatulitaji. Si wachache kati yetu ambao tulipofika tuliangukia upande wa kusini wa mji. Wa Louisville walipangiwa fleti za karibu na Southside Drive na Iroquois Park. Wa Columbus waliifahamu Parsons Avenue kabla ya kulifahamu jiji lenyewe. Nasi wa Buffalo tukaizoea ile harufu ya nafaka inayookwa kando ya mto, inayoingia garini hata ukifunga vioo. Haya hayakutokea kwa bahati nasibu. Kusini ndiko zilikopita reli, ndiko vilikojengwa viwanda vya chuma, vioo na unga, na palipo na moshi kodi ya nyumba huwa nafuu. Waliotutangulia, Wajerumani, Waayalandi, Wapolandi, waliangukia huko huko kwa sababu hizo hizo.

Na kusini ni matofali. Mgeni haoni marumaru wala mnara wa vioo. Anaona ukuta mwekundu uliopigwa na moshi wa miaka mia, dirisha lililozibwa kwa mbao, na maandishi ya rangi iliyochakaa ya biashara iliyokwisha kufa. Wengi wetu tunapita tukiamini kwamba hapo hapana la kutazama.

Tunaandika haya kwa sababu kuna uamuzi mezani. Chama chetu cha hapa Buffalo kimepewa nafasi ya kununua jengo la zamani, kiwanda kidogo cha mkate cha miaka ya 1920, ili tupate ukumbi wetu wa harusi, matanga, madarasa ya watoto na mikutano. Mkandarasi mmoja aliyeitwa kulitazama alitoa shauri la njia mbili: ama kulibomoa na kusimamisha banda la mabati, ama kuzipiga kuta lipu ya saruji nje kote na kuzipaka rangi. Wanachama wamegawanyika. Kwa kuwa tumekula mkate wa uhandisi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, tukaombwa tutoe ushauri. Ushauri wa kiufundi tumekwisha uandika na kuukabidhi kwa katibu. Hapa tunataka kusema yale ambayo ripoti haiyabebi.

Tuanze na ukuta wenyewe. Ukisimama mbele yake asubuhi, jua likiupiga kwa upande, utaona kwamba fundi aliyeujenga hakuwa akijaza nafasi tu. Kila baada ya kozi tano amelaza kozi moja ya vichwa, matofali yaliyoingia ndani ya ukuta ili kuufunga. Hiyo ni kazi ya nguvu. Lakini juu ya madirisha ameyapinda matofali pembe nje, yakawa kama meno ya msumeno, nayo yanatupa kivuli kinachosogea na saa. Hiyo si kazi ya nguvu. Halafu, hapa na pale, amechomeka tofali jeusi, lililojikunja na kung'aa kama limemwagiwa kioo. Hilo ni tofali lililokaa karibu mno na moto.

Wale waliopata kuchoma matofali nyumbani, iwe Iringa, Kisii au Kivu, wanalijua. Tanuri lina tabaka zake. Ya nje hutoka mabichi na hafifu, ya katikati hutoka mekundu na kulia kengele ukiyagonga, na ya jirani na moto huungua kupita kiasi, yakageuka rangi na umbo. Kwetu hayo ya mwisho hutiwa kwenye msingi yasionekane, au hutupwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walitokea wasanifu waliosema: yaleteni mbele.

Sisi hayo tulianza kuyaona tukiwa wanafunzi Ujerumani. Mjini Hamburg lipo jengo la ofisi liitwalo Chilehaus, lililojengwa kati ya mwaka 1922 na 1924, katika miaka ile ambayo fedha ya Kijerumani ilipoteza thamani hata watu wakaibeba kwa vikapu. Mwenyewe, Henry Sloman, alitajirika kwa magadi ya shura kutoka Chile, na ndiyo asili ya jina. Msanifu wake, Fritz Höger, alitumia matofali ya klinka yapatayo milioni 4.8, matofali ya moto mkali ambayo hakuna mawili yenye rangi moja. Pembe ya mashariki ya jengo hilo imechongoka kama omo ya meli. Ukipita chini yake unahisi litang'oa nanga. Mwaka 2015 liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pamoja na maghala ya bandari yaliyo jirani.

Katika miaka hiyo hiyo, Amsterdam, Michel de Klerk aliwajengea wafanyakazi jengo la nyumba liitwalo Het Schip, yaani Meli. Ujenzi ulianza mwaka 1917 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwenye mradi alikuwa chama cha ushirika wa nyumba, chini ya sheria ya nyumba ya mwaka 1901 iliyowezesha serikali kukopesha vyama vya namna hiyo. Kuta zake zimejipinda, matofali yamesimamishwa wima, yamelazwa, yamepangwa kama mawimbi, na juu ya paa umesimama mnara usio na kazi yoyote ya kihandisi. Walalamikaji walikuwapo: kwa nini mnara kwa watu wa kipato cha chini? Jibu lilikuwa katika ukuta wenyewe. Mtu anayeamka saa kumi na moja kwenda bandarini anastahili kurudi kwenye nyumba iliyofikiriwa.

Ilituchukua miaka mingi kugundua kwamba uzi mmoja wa habari hiyo unapita hapa hapa Buffalo. Mwaka 1911 Hendrik Petrus Berlage, Mholanzi aliyejenga Soko la Hisa la Amsterdam kwa matofali na ambaye vijana wa kizazi cha de Klerk walimtazama kama mzee wao, alisafiri kuja Marekani. Alifika Seneca Street, akaingia katika jengo la utawala la kampuni ya Larkin, kampuni iliyouza sabuni kwa posta. Jengo hilo la matofali mekundu lilisanifiwa na Frank Lloyd Wright na kukamilika mwaka 1906. Kwa nje lilikuwa kimya kama ngome, kwa ndani lilikuwa na ukumbi mmoja ulio wazi hadi juu, ukipata mwanga kutoka paani, na mitambo ya kusafisha na kupoza hewa wakati ambapo jambo hilo lilikuwa geni. Berlage alirudi Ulaya na kulisifu katika mihadhara yake. Mwaka 1924 akaja Mjerumani, Erich Mendelsohn, akalitazama Larkin, kisha akashuka mtoni na kamera, akapiga picha za maghala ya nafaka, na mwaka 1926 akazitoa katika kitabu chake cha picha za Amerika.

Tutafakari jambo hilo kidogo. Watu walioheshimika Ulaya walivuka bahari kuja kujifunza katika mitaa ya viwanda ambayo sisi tunaiona aibu kuwatumia jamaa picha zake.

Na jengo la Larkin liko wapi? Halipo. Kampuni ilidhoofika, jiji likalichukua kwa sababu ya kodi, likauzwa kwa dola 5,000, na mwaka 1950 likabomolewa. Pakawa mahali pa kuegesha magari. Kilichobaki ni nguzo moja ya matofali ya uzio, nayo mtu huweza kuipita asijue.

Mtu aweza kusema hayo yalikuwa ya zamani, siku hizi watu wana akili. Basi tuyataje ya juzi. Katika Ganson Street, kando ya Mto Buffalo, lilisimama ghala la nafaka liitwalo Great Northern, la mwaka 1897. Ndani yalikuwa mapipa makubwa ya chuma, na nje ukuta wa matofali uliokuwa kama koti: haukubeba nafaka, uliikinga tu na hali ya hewa. Tarehe 11 Desemba 2021 upepo mkali uliangusha sehemu kubwa ya ukuta wa kaskazini. Jiji likatoa idhini ya kubomoa, wapenzi wa historia wakaenda mahakamani wakashindwa, na kufikia mwaka 2023 ghala lilikuwa limekwisha. Mwaka mmoja tu kabla ya upepo ule, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Sehemu nyingine ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka 2012. Jumba lile si la matofali, ni la mawe ya matumbawe, chokaa na nguzo za chuma. Lakini mhandisi akiweka picha mbili hizo pamoja anasoma somo moja. Majengo hayafi kwa uzee. Huanza kufa siku mfereji wa paa unapoziba na hakuna anayepanda ngazi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye saruji ya yule mkandarasi, na hapa tunawaomba wasomaji watuvumilie kidogo.

Mafundi wa kale hawakujenga kwa saruji tupu. Mota yao ilikuwa ya chokaa na mchanga, au ya chokaa nyingi na saruji kidogo. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa hili. Lamu, Mombasa na Unguja zilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ilale. Chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu. Ukuta ukinyeshewa, maji huingia na kutoka kupitia kwenye viungio. Ukuta ukisogea kidogo, kiungio ndicho kinachopasuka, na kiungio hutengenezwa kwa mwiko na ndoo. Kwa maneno mengine, mota inakufa ili tofali liishi.

Saruji ni kinyume chake. Ni ngumu kuliko tofali la zamani na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ukiipiga juu ya ukuta wa namna hii, maji yanayoingia kwa juu au kupanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutoka, hukaa ndani ya tofali. Kisha inakuja Januari ya Buffalo. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Uso wa tofali hubanduka kama ganda la yai, na kwa kuwa umefunikwa na lipu na rangi nzuri, huoni hadi siku kipande kizima kinapodondoka. Idara ya Hifadhi za Taifa ya hapa Marekani ina kijitabu mahususi juu ya kuziba upya viungio vya kuta za zamani, na kanuni yake ya msingi ndiyo hii: mota mpya isiwe ngumu kuliko tofali. Mji Mkongwe wa Zanzibar wameligundua jambo hilo hilo kwa gharama kubwa, pale ambapo kuta za chokaa zilizibwa kwa saruji.

Tuliukagua ukuta wa kiwanda cha mkate kwa vifaa ambavyo fundi yeyote wa Manzese anavyo: timazi, pima maji, nyundo ndogo na msumari. Msumari uliingia kwenye kiungio kwa kusukumwa na kidole, yaani mota ni ya chokaa na imechoka. Timazi ilionyesha ukuta wa mashariki umetoka kidogo, chini ya mahali mfereji wa paa ulipokatika. Pengine kote umesimama. Matofali tuliyoyagonga yalilia vizuri, isipokuwa sehemu moja ambako mtu fulani, zamani, alikuwa amekwisha paka saruji. Huko yamekuwa unga.

Katika mkutano wa kwanza tuliyaeleza hayo, na baba mmoja wa watoto wanne alisimama akasema, "Injinia, tunakuheshimu, lakini sisi si makumbusho. Tunataka mahali pa joto pa kuzikia na kuozea." Watu walipiga makofi, na tunakiri kwamba alikuwa na haki ya kupigiwa. Fedha zilizo benki ni za watu wanaofanya kazi za usiku katika maghala na kuwatunza wazee wa wenzao. Kila dola ina jasho. Kisha akasimama mama mmoja, mwenyeji wa Uvira, aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu kabla ya kuletwa hapa. Alisema, "Baba Injinia, mimi nimelala chini ya turubai, nimelala chini ya mabati. Sasa mnaniambia nimekuja Amerika ninunue mabati tena?" Ukumbi ulicheka, lakini ulikuwa mcheko wa watu wanaofikiri.

Maneno ya mama yule yalitukumbusha kwamba matofali si kitu cha Wazungu tunachokitunza kwa niaba yao. Mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, Kampala, kanisa kuu la Namirembe lililojengwa kwa matofali likakamilika mwaka 1904, waumini wakiwa wamebeba udongo na matofali kwa vichwa vyao, liliteketezwa kwa moto wa radi mwaka 1910. Hawakurudi kwenye matete. Walijenga tena kwa matofali, na kanisa linalosimama leo likawekwa wakfu mwaka 1919. Ng'ambo ya bonde, Wakatoliki walianza Rubaga mwaka 1914 wakamaliza mwaka 1925. Kwa hiyo siku zile ambapo fundi wetu asiyejulikana jina alikuwa akipinda meno ya msumeno juu ya madirisha ya kiwanda cha mkate, babu zetu nao walikuwa jukwaani, mwiko mkononi, kamba imevutwa, wakipanda kozi kwa kozi. Kazi ilikuwa moja, na mikono ilifanana kuliko tunavyodhani.

Lipo pia onyo, nalo tunalichukua kwa ndugu zetu wa Columbus. Kusini kidogo ya katikati ya jiji lao upo mtaa wa German Village, wa nyumba ndogo za matofali na barabara za matofali, uliojengwa na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowadia, Wajerumani wakawa maadui na hata bustani ya Schiller ikabadilishwa jina ikaitwa Washington. Baadaye, katika miaka ya 1950, sehemu ya mtaa ikabomolewa kwa jina la maendeleo. Mwaka 1960 wakazi walianzisha chama cha kuutetea, na mwaka 1974 ukaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria. Ushindi, naam. Lakini nendeni leo mkaulizie bei ya nyumba pale. Fundi aliyeijenga asingeweza kuinunua. Ukuta ukishakuwa mzuri machoni pa wenye fedha, mwenye jasho huhamishwa. Jambo hilo tunalifahamu, na ndiyo maana tunasema: afadhali ukuta huu uwe na hati yenye jina letu sasa, ungali mbaya machoni pa watu, kuliko kuusubiri mpaka upendeze kisha tukaukodi.

Ushauri wetu, basi, ni wa hatua na si wa mapenzi tu. Kwanza paa na mifereji, kabla ya theluji, maana bila hayo mengine yote ni kazi bure. Pili kuuegemeza na kuujenga upya ule ukuta wa mashariki, kwa matofali yake yenyewe yaliyokusanywa na kusafishwa. Tatu kukwangua viungio vilivyochoka na kuvijaza kwa mota ya chokaa, upande mmoja kila kiangazi, ili mfuko usitoboke mara moja. Kuhusu joto, aliloliuliza yule baba, tumesema wazi: dari iwekewe kizuia baridi mapema iwezekanavyo, lakini kuta zisifunikwe kwa ndani mpaka zikauke, kwa sababu ukuta uliozibwa ukiwa na maji huganda zaidi. Majira ya baridi ya kwanza hayatakuwa ya raha. Hatukumficha mtu hilo.

Na lipo la vijana. Kazi ya kuziba viungio kwa chokaa hailipwi vibaya katika miji hii, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Tumekubaliana na fundi mmoja mstaafu, mjukuu wa Wapolandi, kwamba tukinunua atawafundisha vijana wetu sita juu ya ukuta wenyewe. Alipoulizwa malipo, alisema tutajadiliana baada ya chakula, kwa sharti kwamba chakula kiwe pilau.

Wajumbe wa kamati wamepiga kura. Saba wamekubali, watano wamekataa. Kwa katiba yetu kura hiyo haitoshi. Neno la mwisho ni la mkutano mkuu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, na safari hii tutakutana ndani ya jengo lenyewe ili kila mtu aliguse kwa mkono wake. Wale wa Louisville na Columbus wanaofikiria majengo yao wanakaribishwa kusikiliza. Njooni na watoto, na kila mtu avae koti. Ndani mle bado hakuna moto.